Kuanza kutazama nyota ukiwa karibu na ikweta: macho kwanza, darubini baadaye

Anayeniuliza anunue darubini gani, mimi humwambia asubiri kidogo. Vifaa vingi vinavyouzwa mtandaoni, pamoja na maelekezo yake, vimetayarishwa kwa mtu aliyeko Ulaya au Marekani, ambaye usiku wowote usio na mawingu anaiona Nyota ya Kaskazini. Sisi wa Tanga, Mombasa, Nairobi, Kampala na Bujumbura tuko kando ya ikweta, na jambo hilo linabadilisha kifaa cha kununua, namna ya kukifunga na hata nyota za kuanzia. Linatupa pia neema kubwa: ndani ya mwaka mmoja tunaliona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Mtu wa London hatauona Msalaba wa Kusini maisha yake yote akibaki kwao. Sisi tunauona kila mwaka, tukiwa tumekaa uani.

Basi fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Yape macho giza

Tafuta mahali ambapo hakuna taa inayokupiga usoni moja kwa moja. Kama unakaa mjini, si lazima usafiri. Kaa nyuma ya ukuta au tangi la maji linalokukinga na balbu ya jirani. Zima simu. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde chache tu unakurudisha mwanzo.

Kwa kusomea ramani, tumia tochi ndogo uliyoifunika kwa nailoni nyekundu, tabaka mbili au tatu, mpaka mwanga uwe hafifu kabisa. Mwanga mwekundu hauharibu uwezo wa macho kuona gizani kama mweupe. Programu ya Stellarium inapatikana bure kwenye simu, nayo ina hali ya usiku inayogeuza skrini kuwa nyekundu. Iwashe kabla hujatoka nje.

Angalia pia kalenda ya mwezi. Mwezi mpevu hufuta nyota hafifu zote. Usiku mzuri ni kuanzia siku chache kabla ya mwezi mwandamo hadi siku chache baada yake. Watu wetu wa pwani wana bahati hapa, kwa sababu nyumba nyingi tayari zinafuatilia mwezi kwa ajili ya Ramadhani na sikukuu.

Hatua ya 2: Jifunze nyota chache kila msimu

Usijaribu kukariri anga lote. Chukua alama moja kubwa kwa msimu, kisha tembea kutoka hapo.

Januari na Februari, saa tatu usiku, tazama juu kabisa. Utaona nyota tatu zilizopangana mstari mfupi: huo ni mkanda wa Jabari, kundi la nyota ambalo kwenye programu utalikuta kwa jina la Orion. Mkanda huu uko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, ndiyo maana kwetu unapita utosini. Fuata mstari wake kuelekea kusini-mashariki na utafika kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ufuate upande wa pili, upite nyota moja yenye wekundu iitwayo Aldebaran, na utafika kwenye Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizobanana. Wazee walipangia kilimo kwa Kilimia: kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Lichunguze hilo mwenyewe. Mwezi Mei, masika yakiendelea, Kilimia kinapotea kwenye mwanga wa jua; Juni kinarudi alfajiri, upande wa mashariki, mvua zikiwa zimepungua. Tukirudi Januari na Februari, upande wa kusini, chini kidogo, kuna Suheli, nyota ya mabaharia, ya pili kwa kung'aa baada ya Sirius.

Mei na Juni, geukia kusini. Nyota mbili kali zilizo karibu karibu, Alfa Kentauri na Hadar, zinaelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Kwa anayekaa Tanga, Msalaba ukifika juu kabisa unakuwa nyuzi 35 hivi kutoka upeo wa macho. Nyoosha mkono mbele yako ukunje ngumi: upana wa ngumi ni karibu nyuzi 10. Hesabu ngumi tatu na nusu. Usiku huohuo geuka kaskazini utaona nyota saba za Dubu Mkubwa zikiwa zimepinduka kichwa chini. Ni watu wachache duniani wanaoviona vyote viwili vizuri hivyo kwa usiku mmoja.

Julai na Agosti ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote. Sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya ni kiangazi, kundi la nyota la Nge limejikunja juu karibu na utosi na moyo wake mwekundu, nyota ya Antares, na Njia ya Maziwa, ule ukanda wa mwanga hafifu wa nyota nyingi, inapita juu yako katika sehemu yake nene kuliko zote, kwa sababu hapo unatazama kitovu cha galaksi yetu. Ukipata nafasi ya kwenda Magadi, Samburu, Ziwa Eyasi au kijiji chochote kilicho mbali na mji, nenda miezi hiyo.

Hatua ya 3: Nunua binokula kabla ya darubini

Binokula, darubini ya macho mawili, ndicho kifaa cha kwanza. Tafuta iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa nyota, namba ya pili ndiyo yenye uzito, kwa sababu lenzi pana inakusanya mwanga mwingi. Zile za 20x50 au zenye kukuza kwa kubadilishabadilisha ziache: mikono inatetemeka na picha inatetemeka nayo.

Ukiwa dukani, fanya hivi. Geuza binokula uitazame kwa mbele dhidi ya mwanga. Lenzi iwe safi, isiyo na nyuzinyuzi nyeupe ndani, maana hizo ni kuvu. Kisha tazama kitu cha mbali, nguzo ya umeme kwa mfano. Ukiona nguzo mbili, au macho yakivutana mpaka kichwa kinaanza kuuma, mirija yake haijanyooka pamoja. Irudishe.

Nyumbani, lala chali kwenye mkeka au kiti cha kuegemea ili viwiko vitulie. Anza na Kilimia: nyota sita zinakuwa makumi. Nenda kwenye mkia wa Nge utafute M7, kundi la nyota linaloonekana hata kwa macho matupu mahali penye giza. Tazama chini ya mkanda wa Jabari uone wingu dogo la kijivu: hapo nyota mpya zinazaliwa, umbali wa miaka ya nuru 1,300 na kitu. Sayari ya Mshtarii nayo, ukiegemeza binokula kwenye ukuta isitikisike, itakuonyesha nukta ndogo pembeni yake. Ni miezi yake minne mikubwa, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610.

Hatua ya 4: Sasa chagua darubini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitu cha kwanza kutazama ni kipenyo cha lenzi ya mbele, au cha kioo cha kuakisi mwanga kwa darubini zinazotumia kioo badala ya lenzi. Boksi likijisifu kwamba linakuza mara 525 na lenzi yake ni milimita 60 au 70, achana nalo. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Lenzi ya milimita 60 inaishia mara 120, na hiyo ni katika usiku mtulivu sana. Zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Ukuzaji unaupata kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo hadi pale mwanga unapokutana kuwa picha) kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. Darubini ya fokasi milimita 1,200 yenye lenzi ya jicho ya milimita 25 inakuza mara 48. Ukiweka ya milimita 10, mara 120. Lenzi ya jicho iwe na shina la inchi 1.25. Zile nyembamba za inchi 0.965 hazina vipuri vizuri.

Pili ni stendi, na hapa ikweta inatugusa moja kwa moja. Utaona darubini nyingi zenye stendi ya ikweta, ile yenye uzito wa chuma unaoning'inia pembeni. Stendi hiyo inatakiwa ielekezwe kwenye ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, kwa pembe sawa na latitudo yako. Tanga tuko nyuzi 5 kusini, kwa hiyo ncha ya kusini iko nusu ngumi tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya minazi na nyumba, na hakuna nyota kali ya kuionyesha. Ya kaskazini hatuioni kabisa. Stendi nyingi za bei nafuu zimetengenezwa zisishuke chini ya nyuzi 20 hivi. Ukizilazimisha, ule mkono wa uzito unagonga mguu wa stendi. Kwa anayeanza huku kwetu ni usumbufu mtupu.

Nunua inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia tu. Bora kuliko zote kwa maoni yangu ni ya aina ya Dobson: bomba lenye kioo, limekaa kwenye sanduku la mbao linalozunguka chini. John Dobson wa San Francisco aliieneza tangu miaka ya 1960 ili watu wa kawaida waweze kujitengenezea, akitumia mabomba ya karatasi ngumu na mbao. Kioo cha milimita 130 au 150 kinatosha kwa miaka mingi. Ukipata bomba zuri lenye stendi mbovu, fundi seremala yeyote makini anaweza kukutengenezea sanduku kwa plaiwudi.

Mtego mmoja unawanasa wengi. Kama darubini ya kioo imeandikwa fokasi milimita 1,000 lakini bomba lake lina urefu wa nusu mita tu, ndani kuna lenzi ya ziada iliyowekwa kuficha kioo cha bei rahisi, na picha haitulii kamwe. Kwa darubini ya kioo ya kawaida, urefu wa bomba unakaribiana na fokasi. Omba vipimo vyote viwili kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Ipange mchana

Usingoje giza liingie ndipo ufungue boksi. Alasiri, jua likiwa nyuma yako na kuna nyumba kati yenu, elekeza darubini kwenye mnara wa simu wa mbali. Weka lenzi ya milimita 25. Zungusha kitufe cha fokasi polepole mpaka taa ya juu ya mnara ionekane wazi, uiweke katikati. Picha itakuwa imepinduka. Ndivyo darubini za kioo zilivyo, na angani hakuna juu wala chini. Bila kugusa bomba, tazama kwenye darubini ndogo ya kulengea, kisha zungusha skrubu zake mpaka taa ileile ikae kwenye alama ya msalaba iliyo ndani yake. Badili uweke lenzi ya milimita 10, hakikisha bado iko katikati, sahihisha tena. Anayeruka kazi hii atazunguka usiku kucha bila kuona chochote.

Jua: usijaribu

Usielekeze binokula wala darubini kwenye jua, hata kidogo. Retina haina hisia ya maumivu, na jicho linaungua kabla hujatambua. Ukikuta kwenye boksi kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kitupe, kwa sababu joto lote la jua hukusanyika hapo na kioo chake hupasuka. Kichujio salama hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini. Hata jua linapobaki pete nyembamba, kama lilivyoonekana Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, bado linaunguza. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa Luxor, Jeddah na Makkah, na huku kwetu litapatwa kwa sehemu. Tafuta miwani yenye alama ya ISO 12312-2 mapema. Usiiache darubini mchana mahali penye watoto bila mtu mzima.

Hatua ya 6: Usiku wa kwanza

Anza na mwezi wa nusu. Ukiwa mpevu hauna vivuli, unaonekana bapa. Tazama pale mwanga unapokutana na giza. Milima na mashimo yanasimama hapo. Kisha Zohali. Kwa ukuzaji wa mara 48 pete inaonekana imejitenga na sayari, na kwa mara 120 ni kitu cha kuita majirani. Mwaka 2025 pete ilikuwa imetuelekezea ubavu ikawa kama uzi. Sasa inafunguka mwaka hadi mwaka mpaka 2032. Alfa Kentauri nayo, ambayo kwa macho ni nyota moja, inagawanyika kuwa mbili.

Kwa mara 120 sayari inapita kutoka ukingo hadi ukingo kwa kama dakika moja na nusu, kwa sababu dunia inazunguka. Iweke ukingoni, acha bomba, itazame ikipita. Vidole viguse bomba mwisho wake, kwa ulaini.

Hatua ya 7: Kuitunza kwenye unyevu

Kwa watu wa pwani kuvu ni adui mkubwa kuliko vumbi. Lenzi za jicho na binokula zihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti za silika zile zinazokuja na viatu na mikoba. Zikilowa, zianike juani au uzipashe kwa moto mdogo. Usitoe darubini moja kwa moja kutoka chumba chenye kiyoyozi, kwani kioo kitajaa umande. Itoe nusu saa kabla, ikiwa imefunikwa. Ukimaliza kutazama, usifunge vifuniko kioo kikiwa na unyevu. Ingiza ndani, elekeza mdomo wa bomba chini kidogo, acha ikauke yenyewe, ndipo ufunike. Na kioo chenye vumbi kidogo kiache hivyo hivyo: kukifuta kwa kitambaa kunakikwaruza, na vumbi lenyewe halipunguzi picha.