Namna ya Kuifanya Lugha ya Kigeni Ikufae Jeshini

Kijana wa Unguja au Pemba anayejiunga na jeshi mara nyingi huwa tayari ana mtaji wa lugha: Kiarabu alichokianza kwenye chuo cha Kurani kabla ya kuingia skuli, Kiingereza cha darasani na, kama amekulia Kiwengwa au Nungwi, Kitaliano alichokiokota kwa watalii. Mtaji huo haumfai kitu mpaka upimwe na matokeo yake yaingizwe katika jalada lake la utumishi, kwa sababu anayependekeza majina ya kwenda kozi au misheni za kulinda amani hutazama majalada, na huenda hajawahi kumsikia akizungumza.

Anza kwa kujipima bila ya kujionea huruma. Aliyesoma chuoni anaweza kuisoma Kurani kwa tajwidi safi na hata kuifahamu tafsiri yake, lakini akashindwa kumuuliza dereva kwenye kizuizi anatoka wapi, amebeba nini na gari ni la nani. Kiarabu cha vitabuni ni msingi mzuri sana, ila Walebanoni, ambao kwao kumekuwa na misheni ya kulinda amani, hawakizungumzi majumbani mwao wala njiani, hivyo mwenye msingi huo inampasa aongeze usikivu wa lahaja. Kitaliano cha ufukweni nacho hutosha kumuuzia mgeni safari ya kuwatazama pomboo, lakini hakimo katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, ambazo ni Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kirusi.

Kama una nafasi ya kujifunza lugha moja tu zaidi ya Kiingereza, ushauri wangu ni Kifaransa. Wanajeshi wa Tanzania wamekuwa katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo tangu 2013, na wengine wametumwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nchi zote mbili huendesha shughuli za serikali kwa Kifaransa. Kiswahili chetu hutufungulia milango ya raia wa Goma, na hilo ni jambo kubwa, lakini barua ya mkuu wa wilaya na taarifa ya polisi wa huko huja kwa Kifaransa. Kireno kilihitajika Msumbiji wakati wa kikosi cha SADC kati ya 2021 na 2024. Usijifunze lugha kwa ajili ya misheni moja peke yake, kwani misheni hufungwa: ile ya Lebanon imepangiwa kumaliza kazi mwisho wa 2026.

Baada ya kusoma, tafuta cheti kinachotambulika. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kilichoirithi Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI), hufundisha lugha za kigeni hapa hapa Unguja, na hiyo ni njia nafuu kuliko kuhamia bara. Kwa Kifaransa, cheti cha mtihani rasmi uitwao DELF hakiishi muda, kwa hiyo ukipata daraja la B2 (la nne kati ya madaraja sita ya Ulaya) leo litakufaa hata ukipanda cheo baadaye. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu. Usiyafanye mapema mno kabla ya kuwa na nafasi unayoiwania.

Cheti kikishapatikana, kisikae kabatini. Peleka nakala iliyothibitishwa, kwa kupitia ngazi zako za uongozi, pamoja na barua fupi kwa mkuu wa kikosi isemayo: "Naomba cheti changu cha Kifaransa, daraja la B2, kiingizwe katika jalada langu la utumishi, na nizingatiwe panapotokea nafasi ya mafunzo au misheni inayohitaji lugha hiyo." Kisha, kila unapohamishwa, uliza kwa adabu iwapo cheti kimo jaladani, maana karatasi hupotea njiani.

Sasa tuje kwenye kipato, ambapo wengi huchanganya mambo mawili. Anayekwenda misheni ndani ya kikosi kizima hulipwa kwa utaratibu wa nchi yake, na Umoja wa Mataifa huirejeshea serikali gharama. Mwangalizi wa kijeshi, mnadhimu (ofisa wa mipango na uratibu) wa makao makuu ya misheni na polisi aliyeteuliwa mmoja mmoja, hao hupewa na Umoja wa Mataifa posho ya kujikimu moja kwa moja. Nafasi hizi za pili ndizo zinazodai lugha hasa. Uangalizi na unadhimu ni kazi za maofisa, wakati polisi hutakiwa awe na angalau miaka mitano kazini, kisha apimwe kusoma, kusikiliza, kuandika ripoti na kujieleza, pamoja na kuendesha gari.

Kuandika ripoti ndiko kunakowashinda wengi wanaozungumza vizuri. Kila usiku chagua tukio moja uliloliona, hata kama ni ugomvi wa abiria kwenye daladala la Chake Chake, uliandike kwa lugha unayojifunza katika mistari mitano: saa, mahali, waliokuwapo, kilichotokea, hatua iliyochukuliwa. Usitie maoni yako. Mpe mwalimu asahihishe kila wiki, na leseni ya udereva uitafute mapema.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani wenye kibali cha ukaazi wa kudumu, jeshi la huko huwakubali kuwa askari wa kawaida, ingawa uafisa na baadhi ya kazi za siri huhitaji uraia. Huko yapo malipo ya ziada ya umahiri wa lugha. Mtaje lugha zenu zote tangu siku ya usajili, Kiswahili kikiwemo, kisha muombe mtihani uitwao DLPT, ambao hupima kusoma na kusikiliza. Malipo hayo yana kikomo, na wengi hupata chini ya hapo, na si kila lugha hulipiwa kwa kila askari. Kwenye fomu za usalama mwataje jamaa wote walioko Zanzibar na Oman bila ya kuficha. Mtihani hurudiwa kwa kawaida kila mwaka, na tarehe ikipita malipo husimama, hivyo ombeni nafasi ya kuurudia miezi kadhaa kabla.