Kutunza na Kuzalisha Mtapo Nyumbani

Anayeuona mtapo kwa mbali hudhani ni mnazi mfupi au mtende, ilhali hauna undugu na miti hiyo, kwa kuwa hautoi maua bali koni, yaani viungo vya kutolea chavua au mbegu, na kila mti huwa ama dume ama jike. Pwani ya Afrika Mashariki ina mtapo wake wa asili, Cycas thouarsii. Unaouzwa mara nyingi katika vitalu vya maua ni jamaa yake mfupi, Cycas revoluta, wenye asili ya visiwa vya kusini mwa Japani. Huo wa pili ndio ninaoueleza hapa.

Upande mahali penye mwanga wa kutosha na pasipotuama maji, kwa maana shina lake huhifadhi akiba ya chakula na maji, na mizizi ikikaa kwenye tope huoza kabla majani hayajaonyesha dalili yoyote. Usimwagilie kwa ratiba. Chomeka kidole udongoni, na ukikuta unyevu, subiri. Majani machanga yakitoka ya manjano na yamejikunja, mara nyingi mmea umekosa madini ya manganizi, jambo linalotokea zaidi kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kama ule wa mawe ya matumbawe. Unga mweupe unaong'ang'ania chini ya majani ni wadudu gamba: kata majani hayo uyachome moto mapema, kwani wakienea wanaweza kuua mti mzima.

Mbegu huota, lakini huchukua miezi mingi. Zaidi ya hayo, mtapo una sumu katika sehemu zake zote, hasa mbegu, na mbwa akizitafuna ini lake huweza kuharibika kabisa. Ziokote zote, na uvae glavu unapozimenya.

Mimi napendelea machipukizi, yaani vile vibonge vinavyoota ubavuni mwa shina. Ngoja kibonge kifikie ukubwa wa chungwa, fukua udongo taratibu hadi uone kilipoungana na mama yake, kisha kikate kwa kisu kikali kilichosafishwa. Kata majani yake yote, kwa sababu bila mizizi hakiwezi kuyanywesha. Kiache kivulini kwa takriban wiki moja hadi kidonda kikauke na kuwa kigumu ukikigusa. Nimepoteza machipukizi matatu kwa kuharakisha hatua hii, na yote yalioza kuanzia kwenye kidonda. Baada ya hapo kizike nusu katika mchanga wa chenga uliochanganywa na udongo kidogo, ukimwagilie mara moja, kisha usikiguse tena hadi mchanga ukauke.

Miezi kadhaa itapita bila dalili yoyote, na kishawishi cha kuking'oa ili kutazama mizizi kitakuwa kikubwa. Usiking'oe. Ncha yenye manyoya ya kahawia itakapovimba na kuanza kufunguka, jani la kwanza limekaribia, na hapo unaweza kuanza kukisogeza kwenye jua kidogo kidogo.