Kabla pedi hazijabandikwa mgongoni

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mombasa, na familia nyingi huniuliza juu ya umeme unaopitishwa juu ya ngozi, kwa pedi za kunata zinazobandikwa mgongoni, kuamsha uti wa mgongo wa aliyepooza, bila kupasuliwa. Utafiti wa Up-LIFT, uliochapishwa mwaka 2024, ulifuata watu 60 waliopooza kwa jeraha la uti wa mgongo shingoni. Asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na ya kazi za mikono. Lakini umeme uliambatana na mazoezi, kwa hiyo mgonjwa afinye sponji au afunge vifungo vya shati huku mkondo ukipita.

Mwone daktari kwanza, hasa mwenye kifaa cha moyo, mjamzito au mwenye kidonda.

Kibofu cha mkojo kiwe kitupu kabla ya kuanza. Jeraha likiwa sehemu ya juu ya uti, kibofu kilichojaa chaweza kupandisha presha ghafla: kichwa kinagonga, jasho linamtoka usoni. Zima mashine, mketishe wima, legeza nguo, tafuta chanzo. Presha isiposhuka, hospitali mara moja.

Joto letu la pwani ndilo linalonisumbua zaidi, kwani jasho hulegeza pedi. Osha mgongo kwa sabuni, usipake mafuta ya nazi, kausha, washa feni. Ukingo wa pedi ukiinuka, umeme hujikusanya mahali padogo na kuchoma, na asiyehisi hatakwambia. Kwa hiyo kagua ngozi kila mukimaliza. Wekundu usiofifia, simamisheni. Na tafadhali, musinunue kimashine cha umeme cha kutuliza maumivu mukambandika mgonjwa nyumbani.