Kuishi katika Shule Ndogo ya Bweni ya Kimataifa: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mgeni

Mwanafunzi anayejiandaa kwenda shule ya bweni ya kimataifa kwa kawaida huogopa ugeni: lugha, hali ya hewa, chakula, na sura asizozizoea. Nimeishi katika shule ya aina hiyo, kwanza kama mwanafunzi na baadaye kama mlezi wa bweni, na nilichokiona ni kwamba ugeni huisha mapema, kwa sababu pale karibu kila mtu ni mgeni na hakuna wa kumcheka mwenzake. Kinachobaki, na kinachowaelemea wengi baada ya wiki chache, ni udogo wa shule. Katika shule yenye wanafunzi 120, yule uliyegombana naye bafuni alfajiri ndiye utakayekaa naye darasani saa tatu, utakayesimama nyuma yake kwenye foleni ya bwalo saa saba, na utakayechezea naye timu moja jioni. Marafiki hawakosekani, kinachokosekana ni nafasi ya kupumua kati yako na wao, na maelezo yanayofuata yanahusu zaidi namna ya kuipata na kuilinda.

Kabla ya safari

Anza na pasipoti. Nchi nyingi hazimruhusu msafiri kuingia iwapo pasipoti yake imebakiza chini ya miezi 6 kabla ya kwisha muda, na mwanafunzi hukaa ugenini muhula baada ya muhula, kwa hiyo pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja ihesabu kuwa imekaribia kwisha. Dawa nazo zisiingie sandukuni kwa mazoea tu, kwa kuwa dawa inayoandikwa na daktari katika nchi moja inaweza kuwa kosa la jinai katika nchi nyingine: Adderall, ambayo Marekani hupewa watu wenye tatizo la kukaza akili, hairuhusiwi kuingizwa Japani hata mwenye nayo akiwa na cheti cha daktari. Mwandikie muuguzi wa shule mapema, umtajie jina la kitaalamu la dawa na kipimo chake, na ukifika umkabidhi, maana shule nyingi za bweni hazikubali dawa zikae chumbani.

Suala la umeme huonekana dogo mpaka siku litakapowatoa watu kitandani. Chaja ya simu au ya kompyuta mpakato kwa kawaida huwa na maandishi madogo yasemayo 100–240V, maana yake inafaa karibu kila mahali na inachohitaji ni adapta ya kubadilisha umbo la plagi. Pasi na mashine za kukaushia nywele mara nyingi haziko hivyo, na adapta haipunguzi volti. Kifaa kilichotengenezwa kwa volti 120 za Marekani, kikichomekwa kwenye volti 230 zinazotumika Ulaya, huvuta nguvu inayokaribia mara nne ya kiasi chake. Nami nimewahi kusimama uwanjani saa tano usiku, nimejitanda blanketi pamoja na bweni zima, kwa sababu mwenzetu mmoja alitaka nywele zake zikauke. Hakuna aliyemwacha akisahau kisa hicho mpaka anamaliza shule.

Vitu vingine beba kidogo kuliko moyo unavyokutuma, kwa sababu utapewa kabati moja na nusu ya chumba. Ila usiache taa ndogo ya kusomea ambayo mwanga wake unaweza kuelekezwa upande mmoja, kitambaa cha kufunika macho, na vizibo vya masikio. Hivyo vitatu vimezuia ugomvi mwingi kuliko hotuba zote nilizowahi kuwapa wanafunzi.

Mwenzako wa chumbani

Katika siku tatu za kwanza kila mtu ni mpole, na wengi huuchukua upole huo kuwa dalili kwamba hakuna la kuzungumza. Huo ndio wakati wa kuzungumza. Ukisubiri mpaka umeudhika, swali lile lile linageuka kuwa lawama. Muulize mwenzako hulala saa ngapi na huamka saa ngapi. Anapenda dirisha liwe wazi au lifungwe. Simu za nyumbani atazungumzia wapi. Wageni wakaribishwe mpaka saa ngapi. Na ni vitu gani vinaweza kuazimwa bila kuulizana. La kuazimana ndilo linalodharauliwa zaidi. Kuna watu waliolelewa katika nyumba ambamo sabuni ni ya wote na kuomba ruhusa ni kama kumtukana mwenyeji, na kuna waliolelewa wakijua kwamba kugusa taulo la mtu ni kumwingilia. Wote wawili ni watu wa adabu, lakini wasipoambiana mapema kila mmoja atamwona mwenzake hana malezi.

Nilikuwa na wanafunzi wawili walioishi chumba kimoja, mmoja akiweka kengele ya simu ilie saa kumi na moja na nusu, kisha saa kumi na moja na dakika arobaini, kisha mara mbili tena kabla hajatoa mguu kitandani. Mwenzake aliyekwisha kuamka kwa ule mlio wa kwanza alivumilia majuma matatu, akawalalamikia watu wa chumba cha tatu, na kabla ya chakula cha mchana maneno yakamfikia mwenye kengele yakiwa yameongezwa chumvi: sasa yeye si mtu anayechelewa kuamka, ni mtu asiyejali wenzake. Nilipowakalisha nilimwomba aliyelalamika aseme jambo lenyewe tu bila kuieleza tabia ya mtu. Akasema, “Kengele yako inalia mara nne, na mimi nikishaamka sipati usingizi tena.” Mwenye kengele alishangaa, kwani alidhani mwenzake hulala na vizibo masikioni. Tangu siku hiyo simu ikawekwa chini ya mto ikitetemeka bila kulia, na mambo yakaisha kwa dakika tano baada ya kuwatesa wiki tatu.

Basi kanuni ninayoifuata ni hii: jambo likikuudhi mara ya pili, mwambie mwenyewe, faraghani, ukitaja kitendo na si tabia. Katika shule kubwa unaweza kumteta mtu na asijue milele. Katika shule ndogo hakuna mtu wa tatu. Kila unayemweleza ni rafiki, ndugu au mwanatimu wa yule unayemteta. Kama mazungumzo ya wawili yameshindikana, nenda kwa mlezi wa bweni, na usione kwamba unachongea, kwa kuwa kubadilisha vyumba na kusuluhisha ni sehemu ya kazi anayolipwa.

Lugha mezani

Wanaozungumza lugha moja watakaa meza moja. Ni jambo la kawaida na halina ubaya. Ubaya ni pale mtu mwingine anapoketi nanyi na mazungumzo yakaendelea juu ya kichwa chake. Badilini lugha anapofika, hata kama sentensi ilikuwa katikati. Upande wa pili, usiiache lugha yako ikauke. Wanafunzi wanaorudi nyumbani baada ya miaka miwili wakitafuta maneno kwa mama zao huumia kuliko walivyotarajia. Shule zinazofundisha mtaala wa IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) zinaweza kumruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha ya nyumbani kwake kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule, katika kiwango cha kawaida, hata kama hakuna mwalimu wa lugha hiyo pale. Uliza kabla ya kuchagua masomo, kwa sababu vitabu vinahitaji kupangwa mapema.

Masomo pasipo pa kujificha

Shirika la IB liliundwa Geneva mwaka 1968, na Diploma yake ndiyo inayofundishwa katika shule nyingi za namna hii. Mwanafunzi husoma masomo sita, matatu au manne kati yake kwa kiwango cha juu, huandika insha ndefu isiyozidi maneno 4,000, husoma nadharia ya maarifa, yaani somo linalohoji tunajuaje tunachokijua, na hushiriki katika sanaa, michezo na huduma kwa jamii kwa muda usiopungua miezi 18. Alama za juu kabisa ni 45: 42 za masomo, na 3 za insha pamoja na nadharia ya maarifa.

Hayo utayasoma katika kijitabu cha shule. Usichokisoma humo ni jinsi udogo unavyoyageuza. Orodha ya masomo inaweza kuwa ndefu, lakini shule yenye walimu wachache haiwezi kuyafundisha yote kila mwaka, na mara nyingine masomo mawili unayoyataka huwekwa wakati mmoja katika ratiba. Kwa hiyo, kabla ada haijalipwa, usiulize ni masomo gani yanatolewa. Uliza ni yapi yatafundishwa mwaka huu, na yapi yanagongana. Darasa lenye wanafunzi wanne lina raha yake, maana mwalimu anajua hasa ni hatua ipi ya hesabu inayokupotea, lakini usipokuwa umesoma atajua kabla hujavuta kiti. Ukiona umezidiwa, mwambie jioni ya kabla ya kipindi. Walimu wengi huikubali kauli hiyo, ila hawaukubali uso wa kujifanya unatafuta ukurasa.

Kuhusu insha ndefu, mwalimu mmoja wa somo anaweza kuombwa kuwasimamia wanafunzi wengi kwa wakati mmoja, na aliyemwendea wa kwanza akiwa na swali lililoandikwa kwenye karatasi ndiye anayesikilizwa vizuri zaidi.

Kisha kuna mtego ambao huwanasa hasa watu wenye bidii. Timu ya mpira inahitaji watu kumi na mmoja, kwaya inahitaji sauti, mchezo wa kuigiza unahitaji wahusika, na wote hao watatoka katika watu 120 wale wale. Utaombwa kila mahali, na kwa kuwa anayekuomba ni rafiki, utakubali kila mahali. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, na kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nalala kwa muda wa saa sita tu kila usiku, ilhali wataalamu wa usingizi wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Chagua mambo mawili unayoyapenda na moja la kuwasaidia wenzako. Linalozidi hapo likatae siku ile ile uliyoombwa, kwa sababu anayesema “nitafikiria” katika shule ndogo huwa amekwisha kuandikwa kwenye orodha.

Simu za nyumbani

Pangeni siku na saa, na mkubaliane mnahesabu kwa saa ya nani. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Na kuna nchi nyingi ambazo saa zake hazibadilishwi kabisa, kama kwetu. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa kitandani Jumapili moja ya Oktoba nikingoja simu ya mama, nikalala nikiwa na uchungu, kumbe naye alikuwa amepiga saa moja kabla, nikiwa kwenye mazoezi, akaamini nimeanza kumsahau. Ilitugharimu siku mbili za kununiana bila sababu.

Wiki za mwanzo zikiwa nzito, usipige simu mara tano kwa siku. Utapiga ukilia, ukate, kisha rafiki atakuita mkacheze na utasahau. Mzazi wako hataitwa kucheza na mtu yeyote, atakesha. Kama umepiga ukilia, mtumie ujumbe mfupi kabla ya kulala umwambie ulivyo sasa. Hata hivyo, ikiwa huzuni, kukosa usingizi au kutokula kumeendelea wiki mbili, hilo si la kuvumilia kimyakimya wala la kumalizwa na simu: mwone muuguzi au mlezi.

Mahali pako peke yako

Tafuta mapema mahali ambapo hakuna anayekutazama: pembe ya maktaba, chumba cha muziki saa kisipotumika, njia ya kuzunguka uwanja. Waambie marafiki wazi kwamba Jumamosi asubuhi unakwenda peke yako na kwamba hujamkasirikia mtu, kwa maana usipotoa sababu wao wenyewe watakutafutia. Kuhusu mapenzi nitasema machache: katika shule ndogo uchumba ukivunjika, wote wawili mnaendelea kula bwalo moja, na marafiki hawatakiwi kugawanywa kama vyombo vya nyumba.

Likizo

Wiki ya kwanza tu, uliza bweni linafungwa tarehe gani katikati ya muhula. Wanafunzi wa mbali hawawezi kwenda nyumbani kwa siku tano, na bweni likifungwa ni lazima uwe umepata mwenyeji aliyekubaliwa na shule. Na kama mwenyeji huyo ni rafiki wa nchi jirani, viza inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwisho wa mwaka, vitu utakavyoviacha stoo viandike jina pande mbili za boksi, na juu yake uweke shuka, kwa sababu ndilo utakaloanza kulitafuta ukirudi usiku umechoka. Kisha nenda ofisini ukachukue pasipoti yako iliyokuwa imehifadhiwa, na palepale mbele ya karani fungua ukurasa wenye tarehe ya kwisha muda, uhesabu mpaka mwisho wa muhula ujao na uongeze miezi 6. Kama haifiki, omba nyingine mara tu utakapofika nyumbani.