Kutafuta pemafrosti kwenye miteremko ya volkano ya nchi za baridi

Pemafrosti ni ardhi iliyokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa miaka 2 mfululizo au zaidi. Imejificha chini ya udongo, na kwenye volkano kama zile za kundi la Klyuchevskaya, Kamchatka, nchini Urusi, mwinuko peke yake hauelezi ilipo.

1. Anza na ramani ya mwinuko. Kadiria joto la hewa, ambalo hushuka takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Kaskazini mwa ikweta, mteremko unaoelekea kaskazini hupata jua kidogo, hivyo pemafrosti huanzia kwenye mwinuko wa chini zaidi.

2. Chora kwenye ramani majivu na skoria, yaani kokoto nyepesi zinazorushwa na volkano. Hapa usikimbie, maana ndipo volkano inapoachana na mlima wa kawaida. Mlipuko wa Tolbachik, volkano ya kundi hilo la Klyuchevskaya, wa 1975 hadi 1976 ulifunika eneo kubwa kwa skoria. Kokoto hizi zimejaa vitundu vya hewa, kwa hiyo joto la kiangazi hupenya taratibu. Majivu membamba juu ya theluji huiyeyusha upesi kwa kuwa ni meusi na hufyonza jua. Yakiwa tabaka nene huihifadhi. Pima unene kila unaposimama.

3. Ondoa penye joto la volkano: matundu ya mvuke na lava changa, ambayo huweza kubaki moto ndani kwa miaka mingi. Eneo lisilo na theluji wakati wa baridi lichunguze kwa kipimajoto, kwani huenda ni upepo tu ulioipeperusha.

4. Fukia virekodi joto sentimita chache chini ya uso kwa mwaka mzima. Weka vingine mgongoni mwa mlima, vingine makorongoni. Theluji nene ni blanketi. Mgongo ambao theluji yake imepeperushwa na upepo hupoa mno.

5. Mwisho wa majira ya baridi, penye theluji ya sentimita 80 au zaidi, choma ufito wenye kipimajoto hadi ardhini. Chini ya nyuzi -3, pemafrosti ina uwezekano mkubwa. Kati ya -3 na -2, huenda ipo. Juu ya -2, haielekei kuwapo. Vizingiti hivi vilitokana na milima ya Alps. Kwenye skoria mimi siviamini kabla ya kuchimba.

6. Chimba mwishoni mwa kiangazi, tabaka linaloyeyuka linapokuwa na kina kirefu kuliko wakati wote. Mashimo mengi yachimbe pale vipimo vyako vinapopingana.