Kuifufua ThinkPad X220, hatua kwa hatua

Lenovo walitoa ThinkPad X220 mwaka 2011: laptopu nyeusi ya inchi 12.5, kibodi ya safu saba, na kataa kadogo juu ya kioo kanakomulika funguo gizani. Ilitengenezewa makampuni. Ikishatumika ofisini miaka michache huuzwa kwa jumla, ndiyo maana nyingi zimetufikia kama mtumba. Mimi ni fundi, na hadi leo nikiletewa X220 naipokea kwa furaha, kwa sababu walioibuni walijua kwamba mwenye mali ataifungua. Betri inachomoka kwa vidole. Diski ina kifuniko cha skrubu moja. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ina mlango wake chini. Pembeni mwa matundu ya skrubu kuna vialama vinavyoonyesha ipi inashika nini, na kitabu cha ufundi chenye picha za kila kipande Lenovo wamekitoa bure.

Mwaka uliofuata ilitoka X1 Carbon ya Lenovo, na Apple nao wakatoa MacBook Pro ya Retina. Zote mbili RAM imechomelewa kwenye mazabodi, bodi kuu ya ndani. Ukinunua yenye 4GB, utakufa nayo na 4GB. X240 ya mwaka 2013 ikabakiwa na sloti moja tu ya RAM. Kwangu mimi hiyo ilikuwa hasara kubwa kwa mnunuzi, hasa mnunuzi wa pili na wa tatu, ambao ndio sisi.

Hatua ya 1: Ikague kabla hujatoa hela

Iwashe, na maandishi ya ThinkPad yakitokea bonyeza F1 uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikikuomba nywila, mrudishie muuzaji. Nywila ya msimamizi kwenye mashine hizi imehifadhiwa ndani ya chipu. Kuchomoa kabetri ka saa hakuifuti, hata kama mtu atakuapia kwamba inafutika. Ukiingia salama, soma aina ya prosesa. Nyingi zina i5-2520M, na inatosha. Zenye i7 zina tundu moja la USB 3.0, jambo zuri ukihamisha mafaili makubwa. Usinunue dhaifu kwa matumaini ya kubadilisha prosesa baadaye: kwenye X220 imechomelewa. Anayetaka prosesa ya kuchomoa atafute kaka yake, T420.

Jaribu kila funguo ya kibodi, fungua na kufunga kioo mara kadhaa uone kama bawaba zimelegea, kisha itazame picha ukiwa pembeni. Rangi zikigeuka sana, hicho ni kioo cha kawaida. Zikitulia, umepata cha IPS, na hicho kina thamani ya kuongeza hela kidogo.

Hatua ya 2: Ondoa umeme wote

Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kwanza kabla ya kugusa vipuri.

Hatua ya 3: Diski

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde inapokwenda vizuri, na hushuka vibaya inapotafuta mafaili madogo madogo. SSD ya SATA hufika 500, na kwa mafaili madogo tofauti ni kubwa zaidi. Mwendo mzito wa mashine za zamani kwa kawaida hutoka hapa, si kwenye prosesa.

Nunua ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Za milimita 9.5 haziingii. Fungua skrubu ya kifuniko cha ubavuni, vuta utepe wa diski taratibu, hamishia mipira miwili ya pembeni kwenye SSD, isukume ndani mpaka ikae. Mipira hiyo usiitupe. Bila yake diski inacheza na pini huumia.

Mwenye kuhitaji nafasi zaidi anaweza kuongeza SSD ndogo ya mSATA kwenye sloti ya kadi ya intaneti ya simu, chini ya pa kuegemeza viganja. Itabidi uondoe kibodi kabla ya kutoa hapo pa kuegemeza viganja: fungua skrubu zenye alama ya kibodi, isukume kuelekea kwenye kioo, kisha inyanyue upande wa mbele. Waya wake ni mwembamba, usivute kwa pupa.

Hatua ya 4: RAM

Mlango uko chini, sloti ni mbili. Tafuta DDR3 ya laptopu. DDR4 haiingii, usiilazimishe. Karatasi za Lenovo zinasema mwisho ni 8GB, lakini vipande viwili vya 8GB vinafanya kazi na unapata 16GB. Iingize kwa mshazari, ibonyeze chini mpaka vibanio vya pembeni vilie. Ukiwasha na kioo kikabaki cheusi, mara nyingi kipande hakijakaa sawa: kitoe, kirudishe.

Hatua ya 5: Vumbi, na kadi ya Wi-Fi

Puliza tundu la joto ukiwa umezuia mapanga ya feni yasizunguke. Kufikia feni yenyewe kunataka kubomoa karibu mashine nzima, kwa hiyo kama hujawahi, mwachie fundi.

Kadi ya Wi-Fi usiibadilishe kiholela. BIOS ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka ngeni inagoma kuwaka na kutoa kosa namba 1802. Hilo tu ndilo nisilolipenda kabisa kwenye X220, kwa sababu linapingana na mengine yote waliyoyafanya vizuri.

Hatua ya 6: Mfumo

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya zaidi, ambavyo X220 haina, na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Linux Mint, mfumo wa bure, toleo lake jepesi la Xfce. Iandike kwenye flashi, chomeka, washa huku ukibonyeza F12, chagua flashi. Kuandika, mtandao, masomo na hata kuandika programu, vyote vinakwenda.

Hatua ya 7: Betri

Zipo za seli 4, 6 na 9. Ya 9 hutokeza nyuma lakini ndiyo ninayowashauri watu wa maeneo ya mgao wa umeme. Ukipata nzima, sakinisha programu ya TLP na uiambie ianze kuchaji ikishuka chini ya asilimia 75, iache ikifika 80. Siku ya safari, rudisha 100 usiku wa kuamkia.