SOMO: Nyumba ya kukarabati Tabora, panda juu ya dari kabla hujataja bei

Mwangaluka wote, na ndugu zetu wa Kigoma habari za ziwani. Somo hili niliahidi tangu kiangazi. Leo mvua imenifungia ndani, ngoja niliandike.

Mimi ni fundi mwashi, nipo Ng'ambo hapa Tabora mjini, mwiko nimeushika zaidi ya miaka 20. Lakini haya ninayowaeleza sikuyapata kwenye kazi za watu, niliyapata kwa hela yangu. Nilinunua nyumba ya vyumba vinne mwezi wa nane, jua linawaka, kuta zimepakwa krimu mpya bado inanukia. Fundi mzima nikazunguka vyumbani kama bwana harusi, nikakadiria ukarabati wa milioni 3. Mvua ya kwanza ya Novemba silingi bodi za sebuleni zikashuka zote pamoja na udongo wa mchwa. Nilifunga hesabu kwenye milioni 9 na laki 2. Kijiweni mpaka leo wananiita Bwana Krimu.

Tangu siku hiyo ninakagua pale ambapo muuzaji hakupaka rangi.

Beba tochi kali, ngazi, bisibisi ya bapa, msumari wa inchi 4, futi ya mita 5, pima maji na daftari. Nenda asubuhi, kuwe na mwanga wa kutosha. Dalali aje, hakuna neno, ila abaki nje apige simu zake.

HATUA YA 1: Juu ya dari

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kwingine kote, hata saa nzima. Ukuta ulio juu ya silingi haupigwi lipu, kwa hiyo unaona tofali zenyewe na kilichozishika. Nyumba nyingi za zamani mjini kwetu ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, kisha zikavalishwa lipu ya saruji. Kwa nje huwezi kujua. Chomeka msumari kwenye kiungo cha tofali: ukizama na kumwaga vumbi, huo ni udongo. Si dhambi. Nyumba ya hivyo inakaa miaka mingi kama paa halivuji na maji hayagusi msingi. Ila isiuzwe kwa bei ya nyumba ya saruji, na wewe usiote kuipandishia simtanki juu ya ukuta.

Sasa mbao. Gonga kenchi (mbao kubwa zilizobeba paa) na papi (mbao zinazopigiliwa bati) kwa mpini wa bisibisi, hasa ncha zinazolala ukutani. Mbao nzima inatoa sauti kavu, iliyoliwa inaitika kama debe tupu. Paini isiyo na dawa, mchwa wa huku anaimaliza kwa ndani na kukuachia ganda. Ukiona mifereji ya udongo inapanda ukutani, vunja kipande kidogo, urudi baada ya siku tatu. Ukikuta kimezibwa, mwenye nyumba wa kweli umeshamfahamu. Dawa ya mchwa inakwenda kwenye msingi kwanza, mbao mpya baadaye. Niliwahi kuona mtu amebadili kenchi zote bila kugusa msingi. Miaka miwili tu akaanza upya.

Halafu zima tochi, tulia gizani dakika moja. Kila tundu la bati litawaka kama nyota. Nyota chache kwenye mistari ya misumari ni kazi ya siku moja. Zikitawanyika kila mahali, na ukiona kutu pale bati zinapolaliana, andika "bati zote".

Idadi ya bati inapatikana hivi. Pima urefu wa paa upande mmoja, gawanya kwa upana wa bati unaoonekana juu ya paa, si ule wa dukani. Paa la mita 12, bati linaonekana sentimita 70: unapata safu 18. Kama kila safu inachukua bati mbili kutoka kofia (bati linalofunika kilele cha paa) hadi chini, upande mmoja ni 36, pande zote mbili 72. Kofia na misumari utaongeza.

HATUA YA 2: Kuta

Nyufa nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui ni lipu iliyokauka haraka, zisikukoseshe usingizi. Ufa wa kuogopa ni ule unaoanzia kona ya dirisha ukapanda kwa mshazari, au unaoshuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali. Zunguka upande wa pili wa ukuta huohuo. Ukiukuta tena, umepita. Ukiwa mpana wa kupitisha sarafu, usijumlishe gharama ya lipu tu. Kuna uwezekano msingi umekaa vibaya au nyumba haina linta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango) inayozunguka, ina vipande tu juu ya kila dirisha. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa. Muuzaji asiye na haraka atakubali urudi baada ya wiki chache uone kama umetembea.

Lipu igonge kwa ufunguo huku unatembea. Panapoitika utupu, imeachia ukuta na itabomolewa.

HATUA YA 3: Maji ya mvua na msingi

Mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili. Ukiweza kukagua ndani ya miezi hiyo, umepata mkaguzi wa bure. Kiangazi tafuta alama: mstari wa tope ukutani kwa nje, madoa ya kahawia kwenye silingi, lipu inayomeguka na kutoa unga mweupe kama chumvi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Unga huo ni alama ya unyevu unaopanda kutoka chini. Ukipaka rangi juu yake, msimu ujao utaipaka tena.

Uliza majirani kama eneo ni mbuga. Udongo mweusi wa mbuga unavimba masika na kupasuka kiangazi, na nyumba iliyo juu yake inapanda na kushuka nao. Huko kwenye mabonde tunakolima mpunga, mimi nyumba yenye nyufa kubwa sinunui hata ikishushwa bei.

Na mwembe. Tabora bila miembe si Tabora, lakini mwembe uliosimama mita mbili kutoka ukutani unaleta mizizi kwenye msingi, majani kwenye mifereji, na embe za kutoboa usingizi wako juu ya bati. Gharama ya kuupunguza iandike.

HATUA YA 4: Umeme, bomba, choo

Fungua bodi ya umeme. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe juu ya dari, au nyumba isiyo na ati (waya unaopeleka umeme ardhini), hesabu mfumo mpya, na kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Ingiza Luku ya hela kidogo uone kama kuna deni linakatwa. Bomba: funga koki zote, angalia mita. Ikizunguka, bomba limepasuka chini. Deni la maji ulizia TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora mjini, kabla ya kulipa chochote. Chooni mwaga ndoo mbili, mwenzio awe amefungua chemba. Maji yakichelewa kufika, au shimo limejaa hadi mdomoni, unajua la kuandika.

HATUA YA 5: Milango

Fupi tu: usitupe fremu za mninga. Vijana wananunua nyumba, wanang'oa milango ya mninga ya miaka 40 wanaweka ya kung'aa inayovimba masika. Piga msasa, paka vanishi. Hapa ndipo unapookoa hela.

HATUA YA 6: Hesabu

Andika kiasi cha vitu kwanza, bei baadaye, na bei zichukue madukani Tabora. Za Dar hazina nauli ya kufika huku. Mfano wa lipu: chumba cha mita 3 kwa 3.5, urefu wa ukuta 2.7. Mzunguko ni mita 13, mara 2.7 ni mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Mfuko wa saruji wa kilo 50, mchanganyiko wa 1 kwa 4, unene wa sentimita moja na nusu, unamaliza mita za mraba 8 hadi 9. Kwa hiyo mifuko minne. Fanya hivyo kila chumba.

Ukishajumlisha, ongeza moja ya tano ya jumla hiyo kwa ajili ya ambayo hukuyaona. Kisha ulizia nyumba kama hiyo isiyohitaji ukarabati inauzwaje mtaa huo. Tuseme milioni 30. Ukarabati umetoka milioni 8, nyongeza milioni 1.6. Basi kichwani mwako nyumba ni milioni 20 na laki 4, na hapo ndipo unapoishia hata muuzaji akilia.

Makaratasi si fani yangu, ila fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Nyumba ya urithi, muulize msimamizi wa mirathi ni nani, aoneshe barua ya mahakama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili, Isevya: Shikamoo fundi. Nimepata nyumba ya tofali mbichi, bei nzuri sana. Inakarabatika?

Jibu: Marahaba mwanangu. Inakarabatika kama futi mbili za chini hazijaliwa na maji. Saruji haishiki vizuri kwenye udongo, kwa hiyo lipu ya nje ipigwe juu ya wavu wa kuku uliopigiliwa. Refusha paa litoke nje ya ukuta, na zungushia nyumba zege linaloteremsha maji mbali. Kama chini kumelika, nunua kwa bei ya kiwanja.

Mzee wa Mawese, Kigoma: Mkuu, sisi huku Bangwe na Kibirizi mchwa si tatizo kubwa kama maji. Nimeoneshwa nyumba inayotazama ziwa, nyufa hakuna kabisa.

Jibu: Kaka, hapo futi ianze kupima kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyie wenyewe mliona Tanganyika ilivyopanda mwaka 2020 na 2021. Waulize wavuvi maji yalifika wapi, usimuulize muuzaji. Na kama nyumba ipo kwenye mteremko, kagua ukuta unaozuia udongo kwa nyuma: ukiwa umetuna tumbo na hauna matundu ya kutolea maji, unajengwa upya, na huo unaweza kuzidi paa kwa gharama.

Kijana wa Reli: Fundi wangu anataka elfu 50 ya kukagua tu. Si wizi huo?

Jibu: Mlipe. Anayekagua bure anategemea kupewa kazi, atakutajia kazi nyingi. Ila mwambie mapema kwamba ukarabati utampa mtu mwingine, halafu usikilize anavyobadilika.

Dada wa Cheyo: Nataka kutoa ukuta kati ya sebule na chumba. Fundi anasema ni wa kugonga tu.

Jibu: Dada, panda darini uone kama kenchi zimelala juu yake. Zikilala, ukuta huo umebeba paa. Hautolewi bila kutengenezwa boriti ya zege yenye nondo na kuegemezwa miti kwanza. Kibali cha Manispaa nacho ukakichukue.

Mpangaji Sugu: Paa ni zile za kijivu za zamani, za saruji, zinavunjika kama biskuti. Nizitoboe niweke bati juu?

Jibu: Usitoboe, usikate, usifagie vumbi lake. Nyingi za zamani zina asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Zinaloweshwa maji, zinashushwa nzimanzima na watu waliojikinga pua na mdomo, na pa kuzizika uliza ofisi ya mazingira ya Manispaa. Iandike kama kazi inayojitegemea.

Mama Wawili, Isevya: Fundi, nimerudi. Muuzaji amekataa nisipande darini, anasema silingi ni mpya itaharibika.

Jibu: Mwambie utaleta kipande cha mbao cha kukanyagia juu ya kenchi, na silingi ikivunjika utalipa. Akikataa tena, jumlisha paa lote, mbao na bati, kwenye hesabu yako, kisha mpelekee bei hiyo.